Hewa ya Simbilisi

Nilipopigwa kalamu sikulia, sikulewa, sikugombana na mtu. Nilirudi nyumbani, nikavua viatu, nikakaa kwenye kiti cha mbao kando ya meza, na nadhani wiki tatu baadaye nilikuwa bado nimekaa hapo. Ilikuwa Januari, katikati ya miaka ya tisini. Kiwanda cha nyuzi nilichofanyia kazi kilikuwa kinapunguza watu, zamu moja baada ya nyingine, na zamu yetu ilipofika tulisomewa majina uwanjani tukapewa bahasha. Mke wangu aliniuliza kama nimekula. Nilisema nimekula. Nilikuwa sijala, lakini njaa pia sikuwa nayo.

Tuliishi upande wa Otonglo, karibu na ziwa, vyumba viwili, kuta za udongo zilizopigwa simiti, mabati juu. Mke wangu aliuza samaki wa kukaanga sokoni, akitoka asubuhi na kurudi jua likizama. Kitinda mimba wetu alishinda shuleni. Binti yetu mkubwa ndiyo kwanza alikuwa anaingia kidato cha kwanza, shule ya bweni huko Bondo. Kwa hiyo mchana kutwa tulibaki mimi na simbilisi wake watatu.

Simbilisi ni jamii ya panya, ila hana mkia, ni mnene, na hupiga mluzi akisikia majani yanakuja. Jirani yetu aliwaita panya wa kizungu, na kila tulipokutana aliniuliza tutawapika lini. Binti yangu alikuwa amewafuga miaka miwili ndani ya sanduku la majani chai. Siku anaondoka, nikiwa nimembebea sanduku lake la bati begani, alinishika mkono.

"Baba, hao wanyama usiwaache kwa joto. Joto inawauanga."

"Hawatakufa."

"Niahidi."

"Nimekuahidi. Ukirudi Aprili utawapata wote."

Nilisema hivyo kama mtu anayeitikia salamu njiani.

Miaka kumi na moja nililala katika nyumba ile bila kuijua saa saba mchana. Nilitoka alfajiri, nikarudi jioni. Jumapili tulishinda kanisani na kwa jamaa. Sasa nilikuwa nimekaa ndani yake, na kila ikikaribia saa sita mabati yalianza kulia, ta, ta, ta, na joto likashuka kutoka juu likaniwekea mkono kichwani. Mshumaa uliokuwa umesimama juu ya kabati ulipinda hadi ukagusa kibiriti. Niliutazama ukipinda. Sikuinuka kuuondoa.

Mchana mmoja niliona simbilisi wamelala ubavu, miguu wameinyoosha, wanahema mbio mbio. Niliinuka, maana ahadi ni ahadi. Nilichukua gunia la mke wangu, nikalichovya majini, nikalifunika juu ya sanduku lote, pande zote, kama mtu anavyofunika nyanya zisinyauke. Kisha nikarudi kwenye kiti. Jioni nilipolifunua gunia, mvuke ulinipiga usoni kama wa sufuria ya viazi, na mmoja wao, yule mweupe, alikuwa amekufa.

Sasa jambo lenyewe ni hili. Kiwandani sikuwa fundi wa mashine. Nilikuwa mtu wa hewa. Uzi wa pamba una madeko kuliko bibi harusi: hewa ikikauka unakatika, hewa ikilowa mno unanata. Kazi yangu ilikuwa kusoma vipimajoto viwili kila saa, kimoja kikavu na kimoja kilichovishwa kitambaa chenye maji, nikaandika ubaoni, nikafungua maji, nikawasha mapangaboi. Kila kijana mpya nilimfundisha maneno yale yale: maji peke yake hayapozi, maji yanataka upepo upite. Nilikuwa nimeyasema mara elfu, halafu nikaenda kumfunika mnyama wa mtoto wangu ndani ya mvuke.

Nilimzika nyuma ya choo. Sikusikia kitu moyoni, na hilo lenyewe lilinishangaza kidogo. Nilinawa mikono. Lakini nilipoketi kiti kilikuwa hakikaliki, kwa sababu neno "wote" lilikuwa limeshaharibika na Januari ilikuwa bado haijaisha.

Kesho yake nilitafuta kipimajoto kibovu ambacho mtu wa stoo aliwahi kuniachia, kile ambacho ubao wake umepasuka lakini kioo kizima. Nilikitundika kando ya sanduku. Saa nane kilisoma thelathini na tano. Simbilisi hawezi hiyo. Mtu pia, ukifikiri vizuri.

Nikaanza kazi, bila furaha na bila haraka, mikono ikienda yenyewe. Sikuwa na uwezo wa kununua kitu, na hakuna kilichohitaji kununuliwa. Kwanza niliangalia upepo unakotoka, kwa maana ziwa hutuma upepo wake baada ya saa sita, na dirisha letu la nyuma lilikuwa linautazama ila tulilifunga kwa sababu ya vumbi. Nililifungua. Nikatundika gunia mbele yake bila kulikaza, na pindo la chini nikalitumbukiza kwenye beseni la maji ili gunia lijinyweshe lenyewe. Ukutani upande wa pili, juu karibu na mabati, nilitoboa tundu la kutolea joto. Nilikwenda ufuoni nikakata mafunjo, nikayasuka mkeka mbaya mbaya, nikaufunga chini ya mabati, nikiacha nafasi ya kiganja katikati. Chungu kilichovunjika mdomo nilikilaza kwenye mchanga uliolowa, hapo sakafuni, kikawa nyumba yao. Majani makavu ndani, maana simbilisi akilalia majimaji anaugua. Wiki ya pili kipimajoto kilisoma ishirini na sita saa nane mchana. Wale wawili wakaanza tena kupiga mluzi.

Niliandika ile namba nyuma ya kalenda. Kesho yake nikaandika nyingine. Binti alikuja kuwakuta wawili hao Aprili, nikamwambia ukweli kuhusu wa tatu, akalia, na nikamwonyesha alipozikwa. Lakini kabla ya Aprili kulikuwa na Machi.

Siku moja ya Machi mke wangu alirudi mchana, kichwa kinamuuma kwa jua. Sikuwahi kumwona akirudi saa hizo. Aliingia chumba cha nyuma, akasimama mlangoni, akanyoosha mkono hewani.

"Mbona hapa kuna baridi?"

Nikamweleza. Gunia, beseni, tundu, mafunjo. Nilieleza kama nilivyozoea kuwaeleza wageni kiwandani, na nilijisikia nikiongea, maneno mengi kuliko niliyokuwa nimeyasema tangu Januari. Nilikuwa hata na majivuno kidogo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na hii kitu ulijua lini?"

"Tangu niandikwe kazi. Mwaka wa kwanza tu."

Alilitazama gunia. Kisha akatazama kona ya kitanda.

"Huyu wetu wa mwisho nilizalia hapa. Februari."

"Najua."

"Hujui, Baba. Ulikuwa kazi. Mtoto alitoka vipele mwili yote. Nilikuwa namlaza kwa simiti, chini ya kitanda, nampepea na kifuniko ya katoni mpaka mkono inakufa. Wewe ukirudi unaniambia leo nyuzi zimekatika sana."

Hakupaza sauti. Laiti angepaza.

"Yawa, jamani," alisema, "na magunia yalikuwa hapa tu."

Akajilaza kwenye mkeka kando ya chungu cha simbilisi, magamba ya samaki bado yamemganda kwenye vidole, akalala.

Hapo ndipo kitu kiliponifikia. Kiwanda hakikunifikia, bahasha haikunifikia, hata yule mweupe nyuma ya choo hakunifikia. Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto, na nikamhurumia yule mwanamke kana kwamba ni jana alipokuwa amepiga magoti hapo na katoni yake. Kipimajoto kilisoma ishirini na sita. Hakuhitaji kupepewa. Nilichana kifuniko cha katoni iliyokuwa mlangoni, nikakaa chini, nikampepea.

Sijui nilikaa muda gani. Gunia lilikauka upande, nikaliongezea maji, nikarudi sakafuni. Bega likaanza kuuma. Alifumbua macho, akanitazama vile nilivyokuwa nahangaika.

"Mkono ikichoka, badilisha," alisema. Kisha akafumba tena.