Spika Iliyonirithi Darasa

Nilifika Uvira kwa malori na boti kutoka Kalemie, nikapewa kazi ya kufundisha jiografia shuleni. Katika mkutano wa walimu, wenzangu wote waliikataa teknolojia darasani. Mimi peke yangu niliitetea kwa nguvu, hadi prefe, mkuu wetu wa shule, akanipigia makofi.

Kumbe nilikuwa natafuta njia ya kutoroka vipindi! Nilirekodi somo la Ziwa Tanganyika, nikaiacha spika darasani ikifundisha, nikashuka bandarini Kalundu kutazama boti.

Niliporudi na visamaki vya ndagala vya kukaanga mkononi, nilimkuta prefe ameketi kati ya wanafunzi, anasikiliza.

“Weye maliza kwanza kula, Mwalimu,” alisema. “Mwenzako iko anafundisha muzuri, tena hatoki darasani.”

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Spika ilibaki na kazi. Mimi nikapanda boti ya jioni, nisirudi tena.