Shujaa Alipobaki Darajani

Miaka ile ya uporaji, maduka ya Lubumbashi yalipokuwa yakivunjwa mchana kweupe, mimi nilishinda kwenye chumba cha video cha mtaani kwetu. Siku moja wanaume walikuwa wakibishana ni mwanamke yupi wa filamu aliye mkali kuliko wote.

"Ni ule wa upanga," alisema mmoja, akikata hewa kwa kiganja.

"Wapi. Ule wa pikipiki anapigaka bantu bote."

Kwenye televisheni shujaa alikuwa akining'inia darajani, umeme ukakatika. Hakuna aliyetoka. Kwetu, mfasiri anayesimama kando ya televisheni akitueleza filamu kwa Kiswahili huendelea kuisimulia gizani mpaka mwisho.

"Anashika chuma na mukono moja," akaendelea.

Bunduki zikalia barabarani. Tukaingia chini ya mabenchi, mfasiri chini ya meza. Mama muuza mikate, mtoto mgongoni, aliweka beseni lake chini, akafunga mlango, akavuta benchi lililotufunika sisi watatu, akalibana mlangoni na kulikalia. Mtu wa nje akausukuma mlango mara mbili. Mama hakusogea. Buti zikaondoka.

"Endelea basi, papa," mama akasema. "Ule mwanamuke alifika wapi?"

"Iko palepale, mama," mfasiri alijibu kutoka chini ya meza. "Anangojea musaada."

Leo nikiulizwa shujaa wangu wa kike ni yupi, nashindwa kumtaja. Jina lake sikuuliza, na mikate yake ilizidi chumvi.