Blanketi la mjukuu na mistari isiyo yangu

Leo nimewahi kurudi kutoka kanisani, nikamkuta mkamwana wangu na mimba yake ya miezi minane, anafumua blanketi ninalomfumia mtoto wake.

"Mama, nisamehe."

Niwaeleze. Kwenye kroshia, ukiruka tundu la pembeni kila mstari, blanketi linapungua mpaka linakuwa pembetatu. Hilo nimewafundisha akina mama wengi hapa Nyakasimbi!

"Macho yako hayalioni tena tundu la pembeni, Mama. Kila Jumapili ukitoka, narudia."

"Umerudia mistari mingapi?"

Akainamisha kichwa.

"Yote, Mama. Ila ule wa kwanza."

Ndugu zangu, lile blanketi mlilolisifia kwenye picha niliyoweka humu wiki jana halikuwa kazi yangu.

Sindano ya kroshia nimeichukua, ninayo mkononi. Niambieni, niendelee kufuma au nimkabidhi yeye?