Kiti cha Baba na Direktori Aliyeaga

Shule niliiacha mapema ili nilee wadogo zangu, lakini mikutano yake siikosi. Juzi, hapa Quionga, direktori, yaani mwalimu mkuu, alikuwa akiagana na wazazi. Alishukuru kwa madawati, akashukuru kwa makuti, kisha akasema, "Vyote hivi ni vyenu." Nikajikuta nacheka peke yangu.

Maana mchana mmoja nilipokuwa mtoto, direktori mwingine, naye akiaga, aliyasema hayo hayo. Wali wa nazi ulikuwa ukinukia kwenye masufuria, na yeye akitaja mchango wa kila nyumba. Alipofika kwetu alisema, "Marehemu fundi Saidi alitupatia kiti hiki ninachokalia." Baba alikuwa amekichonga mwenyewe, akakipaka mafuta ya nazi hadi kikang'aa. Tangu afariki, nyumbani hatukuwa na kitu chake hata kimoja. Kwa hiyo niliposikia vyote ni vyetu, niliamini ile ilikuwa sherehe ya kurudishiana. Direktori aliposimama kupokea mkeka wa zawadi, nilijitwika kiti nikaondoka, wadogo zangu watatu wakinifuata.

"Wee Zaina, wapi na kiti?" bibi alipiga kelele. "Unatuaibisha!"

"Nyumbani, bibi. Si kasema ni vyetu?"

Watu walivunjika mbavu. Direktori naye alicheka hadi machozi, kisha akatutazama sisi wanne.

"Mwacheni," alisema. "Nimeshasema mbele ya watu."

Siku hizi najua ilikuwa adabu ya kuaga tu. Lakini direktori yule alimaliza shukrani zake amesimama, na direktori mpya akaanza kazi kwa kukalia kreti la soda.