Betri ya Mtamba Wangu Inawaka Ukweni

Wasomaji wenzangu, wakubwa shikamooni, wadogo nawaitikia marahaba. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, mkazi wa Nangara hapa Babati. Nimesoma hadi darasa la nne tu, lakini msinidharau, barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nimezaa watoto sita na hakuna mjinga hata mmoja. Naomba wenye ukurasa huu wanifichie jina, maana ninayemlalamikia nimemzaa mimi.

Ni kifungua mimba wangu, nitamwita Yohana. Amesomea ufundi wa umeme Arusha, na mtaani kwetu hakuna mwingine. Padri mmoja mgeni alipomaliza muda wake alimwachia mume wangu, aliyekuwa seremala wake, ubao wa umeme wa jua. Watu waliuona kama kioo tu. Yohana akaupandisha juu ya bati, akaunga waya, na redio yetu ikaimba bila mawe, zile betri kavu, wakati mawe ya redio hayaonekani dukani hata kwa kimemo cha mkubwa. Niliringa, sikatai. Nani asingeringa?

Shida ni kwamba jua likizama na redio inanyamaza. Na mimi nina kitinda mimba, Theresia, yuko darasa la saba, mwalimu wake mwenyewe alinifuata akaniambia mtoto huyu atafaulu akipata muda wa kusoma. Mchana ana maji, ana mbuzi, ana kuni. Usiku mafuta ya taa hakuna, mnajua hali ilivyo, unapanga foleni tangu asubuhi unarudi na chupa tupu. Alikuwa anasomea mwanga wa jikoni, macho mekundu kwa moshi. Yohana akaniambia tukipata betri ya gari, mchana itakunywa jua na usiku itawasha balbu. Nilikuwa na mtamba mmoja mwekundu niliyemlea kwa mkono baada ya mama yake kufa. Nikamtoa kwa dereva wa lori, naye akatuletea betri mpya.

Wiki tatu tulikaa kwenye mwanga. Theresia alisoma mpaka namwambia mwanangu lala sasa. Nilichana kipande cha kitenge changu nikakifunga kwenye mshikio wa betri, isiumize mkono.

Kisha ikaanza kudhoofika. Yohana akasema imekosa nguvu ndani, lazima iende kwa fundi mwenzake. Basi ikawa kila Ijumaa anaifunga kwenye baiskeli, Jumatatu anairudisha imekufa kabisa, tunaambiwa tusiiguse mpaka ishibe jua. Ikishiba, Ijumaa imefika. Akasema inahitaji maji safi ya mvua. Mimi huyu nikampa yale niliyokinga masika kwenye bati, nikayachuja kwa kitambaa mara mbili, nikamjazia chupa ya asali.

Na kinachoniuma zaidi: nilimgombeza Theresia. Nilimwambia yeye ndiye aliyeiua betri kwa kusoma mno, nikamnyang'anya balbu. Mtoto akalia. Kaka yake alikuwa amesimama mlangoni, anasikia, akaenda zake kunawa mikono.

Jumamosi iliyopita tulikwenda Mutuka kwa wakwe, kukubaliana siku ya harusi ya Yohana. Tukakaribishwa ndani, giza likaanza kuingia. Mama mkwe wa Yohana akainuka, akagusa waya ukutani, nyumba nzima ikawaka. Nikafuata waya kwa macho mpaka chini ya meza. Kitenge changu.

Mama mkwe akasema, mbele ya wazee wote, "Mama Yohana, huyu si mkwe, huyu ni mtoto wetu. Ametutoa gizani."

Nilifanya nini? Nilicheka. Nikasema tunashukuru Mungu. Mgeni wa posa haulizi kitu cha nyumba aliyofikia, ukiuliza umevunja uchumba. Nilikunywa chai yao ya sukari kama nanywa mwarobaini.

Njiani nikamuuliza Yohana. Nilitegemea atapiga magoti. Akaniambia, "Mama, uliahidi wewe. Mimi nimelipa tu."

Ni kweli, siku ya kwanza ya posa nilisema. Pombe ya asali ilikuwa imeshanyunyizwa, wazee wameshabariki, wakaniuliza kwenu kuna nini. Nikasema kwetu kuna umeme wa jua, na mkitupa binti yenu nanyi mtaona taa. Nilisema kwa furaha, kama mama anavyomsifu mwanawe. Wakwe wakaliweka neno langu pamoja na ng'ombe wa mahari. Mume wangu naye, ambaye huwa hasemi, akasema, "Neno lililotamkwa kwenye pombe ya wazee halirudi, Mama Yohana. Sote tulikusikia."

Sawa, nilisema. Lakini angenijia akanieleza. Tungetafuta njia, ningetoa hata mbuzi. Yeye ameninyonya jua kila wiki, akanichukulia na maji yangu ya mvua, akamwacha mdogo wake apigwe maneno kwa kosa la kaka yake. Mwanangu niliyekuwa namtaja kanisani kila Jumapili.

Nimemwomba Theresia msamaha. Akaniambia, "Mama, hata jikoni naona." Nilitoka nje nikalia nyuma ya banda.

Mtihani wake uko wiki tano mbele. Harusi ni baada ya mtihani. Leo ni Jumatano, betri iko hapa inakunywa jua, nimeipima kwa balbu, imeanza kushika. Nikiizuia, Mutuka watasema sisi ni watu wa kurudisha maneno, na binti wa watu, ambaye hana kosa na ninampenda, atabaki kwao. Nikiiachia, mtoto wangu anabaki kwenye moshi.

Ijumaa Yohana atakuja na baiskeli yake na kamba. Ninyi mliozaa, mlioozesha, niambieni: nimfungulie mlango, au nisimfungulie?