Antena Zilizoelekea Dar

Jumapili iliyopita tulimzika baba. Jana, nikiondoa vitu vyake chumbani, nikakuta kompyuta yake ya mezani, na nyuma yake antena mbili fupi nyeusi.

Nilikuwa mdogo tulipozinunua. Mama alikuwa amelazwa Dar es Salaam, akiuguzwa na mdogo wake, na baba alitaka tumwone kwa video. Jirani alituruhusu kutumia intaneti yake isiyo na waya, ila kompyuta yetu haikuwa na kadi ya kuipokea. Tukaenda dukani, mjini Ifakara.

"Mzee, ya antena moja inatosha kabisa," muuzaji alisema.

"Mke wangu yuko mbali, kijana. Nipe yenye mbili."

Nyumbani baba alifungua kasha la kompyuta, na vumbi lililotoka lilinuka pumba za mpunga. Akaichomeka kadi, akakaza skrubu. Mimi nikazielekeza antena upande wa Dar, kama tulivyozoea kuzungusha ile ya televisheni kwenye mlingoti.

"Rudisha kidogo," baba alisema. Sasa najua zilikuwa zinatafuta nyumba ya jirani tu.

Baba akampigia mama mdogo, picha ikaja. Tulimwona mama mdogo amesimama, na nyuma yake kitanda kitupu.

"Shemeji," alisema, "dada amefariki mchana huu."

Nilisikia vizuri, lakini niliamini mama haonekani kwa sababu antena hazijakaa sawa. Nikaendelea kuzigeuza, polepole, nikikitazama kile kitanda.

Baba akanishika mkono.

"Acha, mwanangu. Imeshika."