Niliacha skrini wazi, akafukuzwa kazi mwanamke ambaye leo ni mke wangu

Admin, naomba ulifiche jina langu, na majina ya wengine nimeyabadili mwenyewe. Mie ni mwanamume wa miaka hamsini na sita, naishi Kibamba na mke wangu, watoto wameshajitegemea. Haya ninayoandika sijawahi kumwambia mtu, hata padri kwenye kitubio.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi wa kompyuta kwenye mradi mmoja wa afya huko Temeke. Tulikuwa tunawapima damu akina mama wajawazito, kujua nani ana virusi vya UKIMWI. Enzi hizo dawa hakuna, na ukishatajwa mtaani umekwisha. Ndiyo maana majina na majibu yaliingizwa na mtu mmoja tu, kwenye mashine moja tu. Mtu huyo alikuwa Salome, dada wa Kigogo kutoka Dodoma, mpole, aliyepanga chumba Mtoni.

Mashine zetu zilikuwa za Unix, siyo hizi za Windows mlizozoea. Uzuri wake, mtu aliweza kukaa jengo jingine akaiona skrini ya mwenzake yote, akabofya na kuandika kama amekaa pale pale. Siku moja daktari mkuu wa mradi akaniita.

"Kijana, wageni wanafika kesho. Nataka niione kazi ya Salome nikiwa ofisini kwangu."

Njia salama niliijua. Unampa mwenye ruhusa ufunguo wake wa siri, kisha unayafumba mawasiliano ili asiyehusika asiyasome. Nilihangaika nayo mchana kutwa, ikagoma. Mwisho nikaandika amri fupi, neno moja na alama ya kujumlisha, inayoiambia mashine imkubali yeyote aliye kwenye waya unaounganisha kompyuta za ofisi. Ikakubali hapo hapo. Nikaiweka kwenye faili la kuwashia ili kila asubuhi mashine ijifungue yenyewe, nikijisemea wageni wakiondoka nitaitoa. Waliondoka, nikasahau.

Waya huo huo ulifika hadi kwenye chumba tulichofundishia kompyuta watu wa nje.

Kama miezi miwili baadaye akaja mama mmoja, nimwite Rehema, kuchukua majibu. Alifika analia. Majibu yenyewe alikuwa ameshatangaziwa na wifi yake mbele ya majirani, na mumewe ameshamtolea nguo nje, naye ana mimba ya miezi saba. Rehema alikuwa anakaa nyumba ya tatu kutoka kwa Salome, kwa hiyo hakuna aliyetafuta mbali.

Daktari alituita kikao saa nne asubuhi. Kabla ya kikao nilipita chumba cha mafunzo, maana nilikuwa nimeikumbuka ile amri. Kwenye mashine ya pembeni nikakuta picha ya skrini ya Salome imehifadhiwa, na jina la Rehema linasomeka vizuri kabisa. Nilijua papo hapo: mwanafunzi fulani aliingia kwa njia niliyoiacha wazi, na habari zilitokea hapo. Nikaifuta ile picha. Nikaenda kwenye mashine ya Salome, nikaufuta ule mstari wangu. Halafu nikaingia kikaoni.

"Salome, nani mwingine anayeyaona majina haya?"

"Ni mimi peke yangu, daktari. Lakini sijasema kwa mtu, naapa."

Daktari akanigeukia. "Fundi, kuna anayeweza kuiona skrini yake kutoka nje?"

"Hapana, daktari," nikasema. "Imefungwa."

Sentensi hiyo ndiyo iliyomfukuzisha kazi Salome. Mtoni walimzomea akienda bombani, wakamtoa kwenye kwaya, mwenye nyumba akamwambia atafute pengine. Akahamia Mbagala, akawa anakaanga vitumbua. Nilianza kumtembelea kwa sababu usingizi ulikuwa haunijii, namsaidia kubeba maji, namtafutia vibarua vya kuchapa barua. Alikuwa ananiambia, "Wewe peke yako ndiye uliyeniamini." Nilikuwa nainamisha kichwa. Alidhani ni unyenyekevu. Tulipofunga ndoa nilikuwa nishampenda kweli, na hapo kusema kukawa kugumu zaidi.

Rehema alijifungua salama mtoto wa kike, kisha yeye mwenyewe akafariki mtoto akiwa na miaka mitatu.

Mwezi uliopita tulibishiwa hodi. Akaingia binti, akamwamkia mke wangu shikamoo, akakaa, akasema yeye ni mtoto wa Rehema. Ametutafuta muda mrefu.

"Nimekua nikiambiwa mama yangu alikufa anakutaja, mama. Sijaja kugombana. Nataka tu kujua alikukosea nini."

Salome alilia hadi nikaogopa, maana ana presha na mwaka jana alilazwa. Akasema, "Mwanangu, sikusema. Mama yako alikuwa rafiki yangu." Kisha akanitazama. "Mwambie, baba. Wewe ulikuwepo."

Nikasema, "Ni kweli. Hakusema."

Binti akaniuliza taratibu, "Basi nani alisema, baba?"

Nikajibu sijui.

Aliondoka bila kugusa chai. Tangu siku hiyo Salome hali vizuri. Anarudia kwamba atakufa na jina chafu, na kwamba anamshukuru Mungu walau mumewe anaujua ukweli. Anayasema hayo mbele yangu, akinikatia matunda.

Nikimwambia, nahofia moyo wake hautahimili, na hata ukihimili, miaka yote tuliyoishi itageuka kuwa kitu kingine machoni pake. Nikinyamaza, ataondoka duniani na mzigo wangu mgongoni. Yule binti namba yake ninayo. Naifungua, naiangalia, nafunga simu. Sioni mlango ambao nikipita mtu haumii.

Nyie mnaosoma, msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Nawauliza hasa akina mama: ungekuwa wewe ndiye Salome, kwa umri huo na ugonjwa huo, ungetaka nikuambie?